Chozi kanaswa kwenye tandabui barazani kwangu (Nguba, Bukavu): nizifagie zote au niziache?

mama_wa_nguba
Jambo kwenu wote. Niko Nguba hapa Bukavu, upande wa ziwa. Huwa nasoma tu humu, leo nimefungua uzi kwa sababu moyo haujatulia.

Jumamosi saa moja asubuhi nilikuwa nafagia baraza. Nikasikia mlio mdogo juu ya kichwa, kama mfuko wa plastiki uliokwama ukapigwa na upepo. Kuinua macho, chozi, yule ndege mdogo anayenyonya maua, ananing'inia kati ya nguzo ya baraza na maua ya hibiski. Dume, kichwa na mgongo kijani kinachometa kama bati jipya, tumbo njano. Bawa la kulia lilikuwa limefungwa lote mwilini. La kushoto ndilo alilokuwa anapigapiga, na kila akipiga uzi unavutika, kisha unamrudisha palepale alipokuwa. Uzi wenyewe ukipata jua ni wa manjano. Buibui mwenyewe, mkubwa, miguu mirefu yenye mabaka, alikuwa amejibanza juu kabisa pembeni, hata hamsogelei.

Nilipanda kiti na mkasi wa kushonea, nikakata nyuzi kumzunguka pande zote mpaka akaangukia kiganjani. Ndugu zangu, yule ndege hana uzito. Yai la kuku ni jiwe ukimlinganisha naye. Nilichokuwa nasikia mkononi ni moyo tu, unakwenda mbio mpaka huwezi kuuhesabu. Nyuzi zilikuwa zimejisokota kwenye manyoya ya bawa na zinanata kama bamia. Mwanangu wa miaka 9 alinishikia bakuli la maji ya vuguvugu, mimi nalowesha vidole, natoa uzi mmoja, nalowesha, natoa mwingine. Dakika ishirini nzima. Nilipomweka kwenye tawi alikaa anahema, mdomo wazi, halafu akaruka hadi kwenye mti wa avoka wa jirani.

Sasa tatizo langu. Jirani yangu huyo, mama mtu mzima ninayemheshimu sana, ameniambia ndege hanaswi mlangoni kwa mtu bure, nichome hizo tandabui leo leo. Papa wa nyumbani hana habari na mambo ya alama, ila naye anasema nifagie zote, buibui wasije wakauma watoto. Mimi nimebaki katikati. Hili jambo hutokea? Nilivyomtoa ni sawa? Na hizo tandabui, nizifagie?

kadutu_mbao
Mama, kabla wengine hawajaja: usichome. Nakuomba sana. Sisi Kadutu tunakaa kwenye nyumba za mbao zilizobanana, na ninajua moto unavyopanda. Kwenye avenyu yetu mtu aliwasha karatasi ili asafishe tandabui chini ya paa. Zile nyuzi kuukuu zilizojaa vumbi zilishika mara moja, moto ukaingia kwenye dari. Watu walipanda na ndoo, wakauzima, lakini vyumba viwili vilikwenda. Ukitaka kuzitoa, fagio lifunge kitambaa kilicholowa, basi.

mwl_bagira
Mama wa Nguba, aksanti kwa kuandika kwa makini hivi. Nafundisha biolojia huku Bagira, nitajibu kadiri ninavyojua.

Hutokea, na limeandikwa. Mwaka 2012 mtafiti wa Marekani, Daniel Brooks wa jumba la makumbusho ya viumbe la Houston, alikusanya taarifa za ndege walionaswa kwenye tandabui sehemu mbalimbali za dunia. Alipata visa 69, vya spishi 54 kutoka familia 23. Karibu tisa katika kila kumi walikuwa na gramu 15 au chini ya hapo. Wa juu kabisa alikuwa tetere wa gramu 80, na huyo alikuwa peke yake kwa ukubwa huo. Kule Amerika wanaonaswa zaidi ni kolibri. Huku kwetu wa umbo na maisha kama hayo ni chozi, na huyo wako, kwa jinsi ulivyomwelezea, ana gramu saba au nane tu. Hata kijiko cha chai kilichojaa sukari kinakaribia kumzidi.

Kwa nini hawezi kujitoa? Tandabui ya mviringo ina nyuzi za aina mbili. Zile zinazotoka katikati kama miti ya mwavuli ni kavu, ndizo nguzo za nyumba. Zile zinazozunguka zina matone madogo ya gundi, na hizo huvutika sana kabla ya kukatika. Ndege akitaka kuruka lazima apate kitu cha kusukuma. Uzi unaovutika haumpi hicho kitu. Akisukuma unakwenda naye, akichoka unarudi naye, na katika kuhangaika bawa linagusa nyuzi nyingine. Njiwa akipita hapo anararua na kwenda zake, hana hata habari. Chozi hana uzito wa kurarua.

Mtakumbuka bulimbo tuliochezea utotoni, ule utomvu tunaoupaka kwenye kijiti kunasa ndege. Hesabu ni ileile: gundi kidogo, na ndege mwenyewe anamalizia kazi kwa kujipigapiga.

Uzi wa manjano unanionyesha huyo ni wa jamii ambayo vitabu vya zamani vinaiita Nephila. Tangu 2019 wengi wa huku Afrika wamehamishiwa jina la Trichonephila. Mkubwa unayemwona ni jike. Dume ni kadogo, ukikaona pembeni utadhani ni mtoto wake. Tandabui ya jike huweza kuzidi mita 1 kwa upana, na haijengi upya kila siku kama buibui wengine wengi, huirekebisha kipande kwa kipande, ndiyo maana inakaa imara wiki nyingi mahali pamoja. Mwambie Papa kwamba huyu hamfuati mtu. Akibanwa anaweza kuuma, na uchungu wake hupita bila madhara makubwa.

Kuhusu ulivyomtoa: kukata kumzunguka kwanza badala ya kumvuta ndiyo njia yenyewe. Ukimvuta unang'oa manyoya ya kurukia. Siku nyingine ongeza haya: usimbane kifua, maana ndege hupumua kwa kupanua kifua chote, ukikibana anakosa hewa mkononi mwako bila wewe kujua. Usitumie mafuta kutoa gundi, yanaharibu manyoya kuliko gundi yenyewe. Akiwa hoi, mweke kwenye katoni yenye matundu, gizani, kitambaa chini. Kwa chozi unaweza kumgusisha ncha ya mdomo kwenye maji ya sukari, sukari kipimo kimoja kwa maji vipimo vinne. Asali usimpe, maziwa usimpe.

lushi_katuba
Naandika kutoka Lubumbashi. Mimi siungi mkono kuziacha. Mwezi wa saba nilikuta ndege mdogo, tongo, amekufa kwenye tandabui nyuma ya lupango (kiwanja changu), amekauka, kichwa kimening'inia, na buibui yuko juu yake. Kwa hiyo wanakula ndege. Mwalimu, hilo hujalisema.

mwl_bagira
Kweli kaka, sikulisema. Wanakula, mara mojamoja. Mwaka 2008 zilienea picha kutoka Atherton, Queensland, Australia, za buibui wa jamii hiihii akimla ndege mdogo ambaye ni ndugu wa karibu kabisa wa tongo wetu. Hata popo hunaswa, mwaka 2013 watafiti walichapisha orodha ya visa 52 vya buibui kukamata popo.

Lakini angalia alichokiona Mama: buibui alijibanza, hakushuka. Nyumba yake ilikuwa inavunjwa na kitu kizito kuliko yeye mara kadhaa. Wengi wa ndege hawa huuawa na uchovu, jua, baridi na njaa. Chozi hasa, anakula karibu siku nzima, akikosa chakula saa chache asubuhi baada ya usiku mzima bila kula, nguvu zinakwisha. Kwa hiyo ile dakika ishirini yako Mama, na kuamka kwako mapema, ndiyo iliyomwokoa.

mtu_wa_walungu
Samahani, nina swali kwa wote. Kwa nini tunamsaidia ndege na siyo buibui? Naye ana tumbo. Sisi tunaolima tunajua anakula nzi na mbu usiku kucha bila malipo. Mama alikata nyumba yake kwa mkasi.

mama_wa_nguba
Umesema vizuri, na nililiwaza. Ila alikuwa ananiangalia, chozi. Kuna wakati mtu hachagui.

dada_kabare
Mama, na wewe mtu_wa_walungu, nisikilizeni mimi, maana nimekaa na jambo hili mbele ya dirisha langu.

Nyumbani kwetu ni Kabare, njia ya kwenda Lwiro. Nje ya dirisha la jiko kuna kona ambayo haijafagiwa tangu bibi yangu aanze kuumwa magoti, na buibui wamejaa. Mwaka jana mvua za mwezi wa tisa zilipoanza, nikawa naona chozi jike, yule wa kijivu asiye na mng'ao ambaye watu wengi wanamdhania shomoro, anakuja kwenye ile kona. Anasimama hewani mbele ya tandabui, mabawa hayaonekani kwa kasi. Anaingiza mdomo, anageuza kichwa hivi na hivi, na uzi unajikunja kwenye mdomo kama pamba kwenye kijiti. Akishapata mzigo anaondoka. Nilidhani anakula buibui. Siku ya tatu nikamfuata kwa macho.

Alikuwa anaenda kwenye ndimu, hatua kama kumi kutoka jikoni. Alianza kwa kufunga ule uzi kwenye kitawi chembamba, anapangusa mdomo upande huu wa kitawi, anapita chini, anapangusa upande wa pili. Asubuhi nzima ni kupangusa tu. Baadaye ndipo akaanza kuleta majani makavu, maganda membamba ya miti, vipande vya kuvu la mawe, nyuzi za mgomba. Kila alicholeta alikigandamiza kwenye tandabui, kikashika. Bila ule uzi hakuna kitu ambacho kingesimama pale. Kiota kilining'inia kama kifuko, mlango ubavuni, na juu ya mlango akaweka kidari kidogo cha kuzuia mvua. Dume hakujenga hata siku moja. Alikuwa anakaa juu ya mti anaimba na kufukuza madume wengine.

Mvua ya Kabare mnaijua. Ilipiga siku nne, kiota kikayumba kama kengele, hakikuanguka. Makinda yalipokua, kifuko kikatanuka pamoja nayo, ukiangalia kwa karibu unaona kuta zinapumua, kwa sababu uzi unavutika. Na mama yao alikuwa anawaletea nini? Buibui wadogo, kutoka kona ileile ya jiko.

Kwa hiyo Mama, uzi uliomfunga yule dume wako ndio unaoshika nyumba za wenzake. Si chozi peke yake. Yule ndege wa mkia mrefu wa rangi ya kutu, anayepepea kama utepe kwenye bustani za Bukavu, naye kikombe chake kimefungwa kwa tandabui. Ukizifagia zote mwezi huu wanaojenga, unawanyang'anya misumari.

lushi_katuba
Dada, hapo umeninyamazisha. Nilijua chozi ananyonya maua, basi. Kuhusu ugumu wa huo uzi wa manjano nina la kuongeza: kule Madagaska walikusanya nyuzi za buibui zaidi ya milioni 1 wa jamii hii, wakafuma kitambaa kizima cha rangi ya dhahabu bila kukipaka rangi. Kilionyeshwa New York mwaka 2009. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, nilipomwonyesha picha alikaa kimya muda mrefu.

Lakini tongo wangu bado amekufa. Nifanye nini kwenye lupango?

mama_wa_nguba
Na mimi naomba hilohilo. Nimesoma alichoandika dada wa Kabare nikiwa jikoni, bugali ukaungua. Nilikuwa nimeshatoa fagio. Ila dada, wangu alikuwa dume, na umesema dume hajengi. Alifuata nini pale?

dada_kabare
Mama, kwa nilichokiona kwetu, madume wanakuja kuokota nzi walionaswa na buibui wenyewe. Au alikuwa anafukuzana. Wakifukuzana wanapita popote, kati ya nguo kwenye kamba, kati ya miguu ya mbuzi. Yako iko kati ya nguzo na hibiski? Hibiski si ndiko anakonyonya? Basi hapo ni njiani kwake kabisa.

mwl_bagira
Dada amegusa penyewe. Swali la kujiuliza ni tandabui gani iko njiani. Iliyo kwenye kona, chini ya paa, nyuma ya tangi, haina ndege anayepita kwa kasi. Iliyo kati ya maua mawili, au mbele ya bomba linalovuja ambapo ndege wanaoga, hiyo ni mtego.

Kuna jaribio ninalolipenda kuwasimulia wanafunzi. Mwaka 1983, Thomas Eisner na Stephen Nowicki huko Marekani walibandika vipande vya karatasi kwenye baadhi ya tandabui na nyingine wakaziacha wazi. Asubuhi ndege walipoanza kuruka, zile zisizo na karatasi nyingi ziliraruliwa, zenye karatasi nyingi zilibaki nzima. Ndege anayeona, anakwepa. Mnamjua yule buibui wa bustanini anayechora alama nyeupe kama X katikati ya tandabui yake na kukaa juu yake? Wawili hao walisema alama ile inamwambia ndege apite mbali. Wengine wanabisha, wanasema inavuta wadudu, na mabishano hayo hayajafungwa. Lakini karatasi inafanya kazi, na karatasi tunayo.

fundi_rangi_panzi
Mimi napaka rangi majumba, kila siku napambana na tandabui, ngoja niwape ya kazini.

Huyo wa manjano ukimharibia mara moja, kesho utamkuta amerudi. Tafuta ule uzi mnene wa juu, ndio anaoanzia, utauona ukisimama dhidi ya jua la jioni. Kata huo, na ukate palepale uliposhikia ukutani. Fanya siku tatu mfululizo, jioni. Atahama mwenyewe, hana haja ya kuuawa. Akiwa mkaidi mzungushie kijiti, atashika, umpeleke kwenye mti ulio nyuma. Nimewahamisha wengi hivyo, hakuna aliyeniuma. Ila hakikisha huko unakompeleka si mbele ya maua. Halafu, Mama, kuna jambo dogo watu hawaliangalii: taa ya barazani. Taa inaita wadudu, wadudu wanaita buibui. Ukiizima usiku, baadhi ya hao wataondoka bila fagio. (Kwa siku ambazo umeme upo.)

mtu_wa_walungu
Hapo nimeridhika. Buibui kuhamishwa si kuuawa. Aksanti fundi.

kadutu_mbao
Na jirani je? Mama, ulimjibu nini yule mama mzee? Kwa sababu huku kwetu neno kama hilo likitoka likazunguka avenyu, linaweza kumwangukia mtoto wa mtu asiye na kosa.

mama_wa_nguba
Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi, sikutaka tu kuliandika. Sikumjibu kwa ukali. Nilimwita barazani, nikamwonyesha hibiski, nikamwonyesha nguzo, nikamwambia: Mama, angalia, ana njia moja tu ya kuja kwenye maua, na buibui ameijenga nyumba yake palepale. Aliangalia muda mrefu. Akasema, "Kumbe ni barabara." Hakusema zaidi, akanipa mboga ya sombe, akaenda.

mama_wa_nguba
Narudi baada ya wiki mbili.

Ile ya kati ya nguzo na hibiski nimeikata kwa njia ya fundi. Siku ya kwanza alirudi, ya pili alirudi, ya tatu akahamia kati ya ukuta wa choo na mti wa mpera, juu, mahali ambapo hakuna ua. Huko naye tumemwekea karatasi tatu za daftari, mwanangu alizikata pembetatu na kuzigusisha kwa kijiti, zikanata zenyewe kwenye zile nyuzi za gundi. Mbili bado ziko, moja buibui aliikata akaitupa chini usiku. Kona za paa sijagusa. Taa tunazima saa tatu. Papa amekubali baada ya kusoma jibu la mwalimu mwenyewe, mara mbili.

Mtoto ameanza kuandika. Ya jana ni hii, nainakili alivyoandika: "Jumanne. Chozi wa kijivu alikuja mara 4. Alichukua uzi kwenye kona ya dirisha la chumba. Hakunaswa."

dada_kabare
Mara nne! Huyo anajenga. Anaelekea upande gani akishachukua?

mama_wa_nguba
Anapita juu ya ukuta, anaingia kwenye mti wa avoka wa yule mama mzee. Tawi la chini, linaloangalia mlango wake. Kesho asubuhi nitabisha hodi kwake kabla hajaanza kufagia.